Mateka wa vita: kutoka Samaria hadi mkataba wa Ghuba wa mwaka 1820

Januari mwaka 1820, Dubai na majirani zake katika pwani ya Ghuba waliridhia mkataba uliogusa swali la tangu enzi za manabii: mtu aliyeshindwa vitani ni ngawira au ni binadamu? Jibu lililoandikwa lilikuwa zuri. Utekelezaji wake ulisubiriwa kwa zaidi ya karne moja.

Mwishoni mwa mwaka 1819, manowari za Uingereza, zikisaidiwa na Sayyid Said bin Sultan wa Oman, ambaye baadaye alihamishia makao yake Zanzibar, zilitia nanga mbele ya Ras al-Khaimah, kaskazini-mashariki mwa Dubai. Mji huo ulianguka Desemba 9. Wiki mbili baadaye ngome ya Dhayah, iliyojengwa juu ya kilima, nayo ikasalimu amri, na mamia ya wanaume, wanawake na watoto wakawa mikononi mwa waliowashinda.

Waingereza walidai kwamba wamekwenda kukomesha uharamia wa Waqasimi. Madai hayo yamepingwa, hususan na mtawala wa Sharjah, Sultan bin Muhammad Al Qasimi, katika kitabu chake cha mwaka 1986. Kwa maoni yake, shabaha ya Uingereza ilikuwa kudhibiti biashara ya Ghuba.

Kwa vyovyote vile, vita vilifuatiwa na mkataba. Dubai ilitiliwa saini kwa niaba ya mtawala wake, Muhammad bin Hazza, aliyekuwa bado mtoto. Kifungu cha 8 kilitamka kwamba kumuua mtu aliyekwisha kuweka silaha chini ni uharamia, wala si vita halali, awe Mwislamu au asiwe. Kifungu cha 9 kiliongeza kwamba kuwachukua watu kutoka pwani za Afrika au kwingineko na kuwasafirisha kwa vyombo ni uporaji na uharamia.

Mkalimani wa msafara huo, Kapteni Thomas Perronet Thompson, ndiye anayetajwa kuwa nyuma ya kifungu hicho cha tisa. Miaka kumi kabla alikuwa gavana wa Sierra Leone, ambako aliondolewa baada ya kulalamika kwamba Waafrika waliookolewa utumwani walikuwa wakitumikishwa upya kwa jina jingine.

Sheria ya kale, majibu mawili

Swali ambalo vifungu hivyo vilijaribu kulijibu lina umri wa maelfu ya miaka. Picha za mawe zilizochongwa katika kasri la mfalme Senakeribu wa Ashuru, ambazo leo zimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, zinaonyesha kuanguka kwa mji wa Lakishi mwaka 701 kabla ya Kristo. Familia zinaondoka na mikokoteni kuelekea uhamishoni, huku baadhi ya wanaume wakiteswa hadi kufa.

Biblia yenyewe haina jibu moja. Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, inawataja wanawake na watoto wa mji ulioshindwa pamoja na mifugo, katika orodha moja ya nyara. Sura inayofuata inaweka mpaka: mwanamke aliyetekwa apewe mwezi mzima wa kuwaombolezea wazazi wake kabla ya kuolewa, na mume akimkataa baadaye, amwache huru, asimuuze.

Kisa kizito zaidi kimo katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 28. Jeshi la Israeli lilirejea Samaria na mateka 200,000 kutoka Yuda, waliokuwa ndugu zao. Nabii Odedi alitoka kulilaki jeshi na kulikemea. Wakuu wa Efraimu wakasimama mbele ya askari wao wenyewe na kukataa mateka wasiingizwe mjini. Waliokuwa uchi walivikwa nguo zilizotokana na nyara zile zile, wakalishwa, wakatibiwa, na waliodhoofika wakapandishwa punda hadi Yeriko.

Historia ya Uislamu nayo ina mfano wake. Baada ya vita vya Badr mwaka 624, wapokezi wanasimulia, baadhi ya mateka walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika.

Mwanya katika maneno

Basi kwa nini kifungu cha 9 hakikuleta mwisho wa biashara ya watumwa? Sababu mojawapo ni namna kilivyosomwa. Wengi walikichukulia kuwa kinakataza kuteka tu, wala si kununua aliyekwisha kutekwa na mwingine. Mtu aliyekamatwa katika uvamizi karibu na Ziwa Nyasa, akateremshwa Kilwa na kupitishwa Zanzibar na Sur, alifika Ghuba akiwa bidhaa. Vita vilivyomtoa kwao havikuulizwa tena. Wako walioishia katika mashamba ya mitende, na wako waliopiga mbizi kutafuta lulu.

Mwaka 1839 masheikh walikubali kwamba kuwauza Wasomali ni uharamia, kwa kuwa hao ni watu huru. Ulinzi huo haukumfikia Myao wala Mnyasa. Mwaka 1847 walikubali kuzuia usafirishaji wa watumwa kutoka Afrika, lakini magendo yaliendelea. Hadi katika karne ya 20, mamia ya watu walikuwa wakifika kwa mawakala wa Uingereza, kama yule wa Sharjah, kuomba hati za uhuru, wengi wakieleza kwamba walitekwa wangali watoto. Watawala wa pwani hiyo walitangaza rasmi kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1963.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu hiyo. Mtu aliyetwaliwa kwa nguvu husemwa ametekwa nyara, na nyara ni mali iliyopatikana vitani. Katika Falme za Kiarabu, ngoma ya liwa, yenye asili ya Afrika Mashariki, bado huchezwa kwa zumari, na maneno ya Kiswahili yamebaki katika nyimbo zake.

Samaria haikuwa na mkataba. Ilikuwa na wakuu waliothubutu kuwazuia askari wao langoni. Pwani ya Ghuba ilikuwa na mkataba tangu mwaka 1820. Waliokosekana, kwa miaka mingi, ni watu wa kusimama langoni.