Scout ama Sportster? Uliza Mgongo Kwanza

Wiki hii watu watatu tofauti wameniingilia DM na swali moja: Indian Scout ama Harley Sportster? Wote wanataka kruza, ile nduthi ya chini na ndefu, unakaa kama mzee kwa kochi lake. Wote wanauliza vitu viwili: ipi haichoshi safari ndefu, na ipi inakata kona vizuri. Na wote watatu, naapa, hawana hata pesa ya tairi ya mbele. Mimi pia sina. Lakini swali ni poa, na watu wa Springfield na Milwaukee walianza kubishana juu yake kabla babu yangu hajazaliwa.

Acha kwanza niseme kwa nini hii story inanigusa. Nilipoacha campus niliendesha nduthi ya kupeleka chakula hapa Nairobi kwa miezi minane. Haikuwa yangu. Mwenyewe alikuwa ameng'oa kiti kilichokuja nayo akaweka kingine kirefu, bapa, kigumu kama benchi la kanisa, ndio kibebe mzigo zaidi. Mwezi wa tatu mguu wangu wa kushoto ukaanza kufa ganzi kila jioni. Mamangu alidhani nimerogwa. Kumbe ni kiti. Tangu siku hizo, nikiona mtu anachagua pikipiki kwa macho, mgongo wangu ndio hujibu kabla ya mdomo.

Sasa twende Marekani.

Indian ndiyo kongwe. George Hendee, ambaye alikuwa mwanabaiskeli wa mbio, na fundi Oscar Hedstrom waliianzisha Springfield, Massachusetts, mwaka 1901. Harley-Davidson ikaja 1903 kule Milwaukee. Hiyo mnajua. Mtu ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia ni Charles B. Franklin, mhandisi kutoka Dublin, Ireland. Huyu jamaa hakuwa wa kuchora tu akiwa ofisini. Mwaka 1911 Indian zilichukua nafasi tatu za kwanza kwenye mbio za Senior TT kisiwani Man, na Franklin alikuwa namba mbili. Kwa hivyo alipokaa chini kuchora pikipiki, alijua mwili unahisi nini ukiwa juu yake.

Alichora Scout ya 1920, ndogo, ya kama 600cc. Halafu akachora Chief ya 1922, kubwa, 1000cc, ya kusafiri mbali. Umeona? Swali lako lilikuwa tayari ndani ya kampuni moja, kwenye meza ya mtu mmoja. Unataka nyepesi inayogeuka haraka, chukua Scout. Unataka kukaa siku nzima na mizigo, chukua Chief. Na hadi leo watu wanaamini ni lazima iwe hivyo, ati ukiongeza raha unapunguza kona, ukiongeza kona unaumia.

Franklin hakuamini. Mwaka 1928 alitoa Scout 101, na kwangu hii ndiyo pikipiki muhimu zaidi katika hii story yote.

Aliongeza umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kwa karibu sentimita 7. Akashusha kiti hadi kama sentimita 67 kutoka chini, yaani hata mtu mfupi anakanyaga lami na nyayo zote mbili. Injini ya 750cc ikakaa chini kwenye fremu. Sasa fikiria hizo hesabu zinafanya nini. Magurudumu yakiwa mbali kidogo, nduthi haikurushirushi mbele na nyuma kila ukipiga shimo. Ukikaa chini, katikati ya magurudumu badala ya juu ya lile la nyuma, mgongo unapumzika. Na uzito ukiwa chini, kuilaza kwenye kona na kuiinua tena hakuhitaji nguvu ya Samson. Vitu vile vile vilivyoleta raha ndivyo vilivyoleta kona. Na hii ni mashine ambayo nyuma haikuwa na springi hata moja! Mbele ilikuwa na majani ya chuma tu, kama ya lori.

Kama unadhani natia chumvi, waulize watu wa ukuta wa kifo, wale wanaozunguka juu ya ukuta wa mbao uliosimama wima, pikipiki imelala pembeni na watazamaji wakichungulia kutoka juu. Hawa ni watu ambao nduthi ikiyumba kidogo tu wanakwenda hospitali au kaburini. Wanaweza kuchagua pikipiki yoyote duniani. Karne inakaribia kwisha tangu 101 itoke, na bado kuna wanaoitumia kazini.

Basi kwa nini haikutawala dunia? Pesa, buda. Uchumi wa Marekani ulianguka 1929. E. Paul du Pont akashika usukani wa Indian 1930, na hesabu ikaonyesha kitu kibaya: kutengeneza 101 kulikuwa kunakula pesa karibu sawa na kutengeneza Chief, lakini huwezi kuiuza kwa bei ya Chief. Mwaka 1931 ikasimamishwa. Mwaka 1932 wakachukua injini ya Scout wakaitia kwenye fremu ya Chief, wakaiita Scout vilevile. Jina lile lile, kibandiko kwa tangi kile kile, lakini nzito, na kona zikapotea. Wateja walilalamika na walikuwa na haki. Franklin alifariki mwaka huo huo.

Mimi hii sehemu hunikasirisha kama ilitokea jana. Walikuwa na jibu mkononi. Wakalibadilisha kwa fremu ya bei nafuu, na aliyelipa tofauti ni mwili wa mtu ambaye hakuwa kwenye mkutano.

Harley wao walikuwa na njia yao. Kwa miaka mingi sana pikipiki zao kubwa hazikuwa na springi kwa gurudumu la nyuma. Badala yake walitia springi ndani ya nguzo ya kiti. Yaani pikipiki inapigwa na barabara, wewe unabembea juu. Ni raha ya aina fulani, siwezi kukataa, lakini tairi linaporuka halishiki lami, na tairi lisiloshika lami halina kona. Nyuma ya hizo kubwa ilipata shokomzoba mwaka 1958.

Sportster ilikuja mwaka mmoja kabla, 1957, na ilikuja kwa hasira. Waingereza walikuwa wanauza Triumph na BSA nyepesi huko Marekani, na vijana walikuwa wanaziacha Harley kubwa kwa wazee. Sportster ya 883cc ilikuwa jibu: ndogo kwa kipimo cha Harley, na springi nyuma. Kona ilikuwa nayo. Raha sasa... Injini yake ya V ilifungwa moja kwa moja kwa fremu, chuma kwa chuma, na ikaendelea kufungwa hivyo hadi 2003! Ile mitetemo yote ilipita kwa mikono, makalio na meno. Mwaka 2004 ndipo walipoweka mipira kati ya injini na fremu. Mikono ikapona, lakini nduthi ikaongezeka uzito. Ona vile Franklin alipata viwili kwa mpigo mmoja, hawa wakanunua kimoja kwa kulipa na kingine.

Katikati hapo kuna kitu kingine kilitokea, na bila hiki huwezi kuelewa kwa nini kruza za leo ziko vile ziko. Wanajeshi waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili walikuwa wananyofoa madigadi na kila chuma wasichokihitaji ili pikipiki iwe nyepesi. Hapo kulikuwa na akili. Watoto waliofuata wakaiga sura, wakasahau sababu: fimbo za mbele zikarefushwa, usukani ukapanda juu, miguu ikanyooshwa mbele kabisa. Mwaka 1969 filamu ya Easy Rider ikaipeleka hiyo picha dunia nzima. Ile mashine ya Peter Fonda ni tamu kuangalia, na ukiangalia pembe ya zile fimbo za mbele utajua kuigeuza kwa mzunguko wa pale Nyayo ni kazi ya familia nzima.

Harley wakasoma soko. Mwaka 1984 wakatoa Softail: ina shokomzoba nyuma, lakini zimefichwa chini ya fremu ili ionekane kama ile ya zamani isiyokuwa nazo. Fikiria hiyo. Watu walikuwa tayari kulipa ili pikipiki yao ionekane inaumiza. Siwacheki, mimi mwenyewe nimenunua jeans iliyotoboka.

Tukija kwa swali lenu. Indian ya Springfield ilikufa 1953, jina likazunguka mikononi mwa watu tofauti, Polaris wakalinunua 2011, na Scout ikarudi kama modeli ya 2015: 1133cc, farasi 100, injini inapozwa kwa maji, kiti kama sentimita 64 kutoka chini. Harley wakajibu 2021 na Sportster S: 1250cc, farasi 121, nyepesi kuliko Scout. Kwa karatasi Sportster S inaua. Inakimbia zaidi, inalala zaidi kwenye kona kabla chuma hakijagusa lami.

Lakini angalia namba ambayo hakuna mtu huweka kwa thumbnail. Springi za nyuma za ile Sportster S ya 2021 zinaweza kushuka milimita 51 tu. Hiyo ni upana wa vidole vyako vitatu. Scout ya 2015 ina 76, ambayo pia si nyingi, lakini tofauti utaisikia kwa tuta la kwanza. Na Sportster S ikawekewa tairi nene mbele, 160, kwa sababu inakaa vibaya kwenye picha ikiwa nyembamba. Tairi nene hivyo hukataa kidogo unapotaka kuingia kona. Kwa lami laini ya Amerika, sawa. Kwa barabara zetu, hizo vidole vitatu zitaisha kabla hujafika Limuru.

Kwa hivyo mimi ningechukua Scout, na si kwa sababu ni kamilifu. Miguu iko mbele, kwa hivyo uzito wote wa mwili unashukia mwisho wa mgongo, na ukipiga shimo huwezi hata kusimama kidogo kulipokea kwa magoti. Kama kuna pesa zaidi, kuna Scout ya modeli ya 2025 yenye springi bora, unazirekebisha mwenyewe mbele na nyuma. Wameipa jina 101. Baada ya miaka zaidi ya tisini walikumbuka walichokuwa nacho.

Na yeyote utakayechagua, ukiweza kuikalia kabla ya kulipa, usikae dakika moja ya selfie. Kaa nusu saa. Weka miguu inapowekwa, shika usukani, tulia, sikiliza kiuno.

Juzi nilipita stage yetu ya zamani nikaona ile nduthi. Kiti ni kile kile. Kijana mpya ameikalia, hata ishirini hajafika. Nikamwambia aongeze sponji, mguu utaanza kufa ganzi. Akacheka akaniambia kiko sawa tu, yeye haskii kitu. Ameanza wiki iliyopita.