Mbwa Mwenye Pembe

Watawala wa nguo nyekundu walitaka waletewe mbwa mwenye pembe. Haja yao haikuwa mbwa. Walitaka kuwakomoa watu waliokuwa chini yao, na wazee wa Kimeru walioirithi habari hii huisimulia kwa uzito wa jambo la kufa na kupona: aliyeshindwa kuleta alichoagizwa angelipa kwa damu. Basi watu wale wakakaa chini, wakashauriana, wakatafuta pembe mbili ndogo za paa, wakazigandisha kwa ulimbo juu ya kichwa cha mbwa. Kisha wakampeleka mbele ya mabwana zao.

Agizo hilo halikuwa la peke yake. Waliambiwa walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili, ndani na nje. Wakachinja ng'ombe, wakakata ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo, ambayo ina manyoya huku na huku, wakashona kiatu. Wakaambiwa walete ndama anayetoa kinyesi cheupe. Wakamfungia ndama asile majani, wakamlisha maziwa matupu. Likatupwa tunda ndani ya shimo refu, wakaambiwa walitoe bila kulichoma kwa kijiti na bila mtu kuingia shimoni. Wakateka maji, wakamimina, wakamimina tena, hata tunda likaelea hadi mdomoni mwa shimo.

Halafu likaja agizo la mwisho: mkuki unaofika mbinguni. Hapo akili ya kutengeneza ikafika ukingoni, ikaanza akili ya kutoroka.

Mahali hapo paliitwa Mbwaa, na mabwana wale waliitwa Nguo Ntune. Aliyewaongoza watu kutoka huko anajulikana kwa jina la Koomenjwe, na cheo chake ndicho kilichokuja kuitwa Mugwe, kiongozi wa baraka na maombi. Masimulizi yanasema walikuta maji mengi mbele yao, adui akiwa nyuma. Wanatajwa wanaume watatu waliojitolea ili kafara itolewe na njia ifunguke: Gaita, Muthetu na Kiuna. Maji yakaachana. Waliovuka usiku wakawa ukoo wa Njiru, yaani weusi. Waliovuka alfajiri, wekundu wa mapambazuko, wakawa Ntune. Waliovuka jua likiwa limekwisha kupanda wakawa Njeru, weupe. Kutoka hapo ikafuata safari ndefu ya kukata nyika hadi miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene.

Msomaji wa Biblia atasema mara moja kwamba hiki ni Kitabu cha Kutoka kilichovalishwa ngozi ya Kimeru. Shaka hiyo ni ya zamani, na ina msingi wake, maana wamisionari wa Consolata na wa Methodisti walikuwa wamefika Meru mapema katika karne ya 20, kabla ya masimulizi mengi kuandikwa. Lakini katika Kitabu cha Kutoka hamna mbwa wa pembe za kubandikwa wala kiatu cha manyoya. Musa alipambana na Farao kwa miujiza na mapigo. Watu wa Mbwaa, kabla ya kufika majini, walipambana kwa ulimbo, maziwa na mitungi ya maji. Sehemu hiyo ya habari ina ladha nyingine kabisa, na ndiyo inayostahili kuangaliwa kama fasihi, si kama ushahidi wa asili ya kabila tu.

Watafiti wengi wamekwenda Meru kutafuta ramani. Padri Bernardo Bernardi alichapisha mwaka 1959 kitabu chake juu ya Mugwe. H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930 na ambaye Waswahili wanamkumbuka zaidi kwa utafiti wake wa lahaja na mashairi ya pwani, naye aliandika habari za wazee hao. Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyewahoji wazee wa Meru kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, aliiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, jirani na Lamu, na kuondoka kwao akakukadiria karibu na mwaka 1700. Wapo wanaoipeleka Mbwaa mbali zaidi, hadi Uarabuni au Misri. Nguo Ntune nao wamefananishwa na Waarabu, na Wareno, na watawala wa miji ya visiwani.

Ikiwa Manda ndipo, basi kuna jambo la kupendeza. Pwani hiyohiyo ndiyo iliyomlea Abunuwasi katika hekaya za Kiswahili, na Abunuwasi naye aliagizwa na mfalme wake ajenge nyumba angani. Akarusha tiara yenye njuga, watu wakasikia mlio juu, akawaambia kuwa hao ni mafundi, sasa wapelekewe mawe na chokaa. Mfalme akashindwa kupeleka, na Abunuwasi akasalimika. Agizo la mbinguni likarudishwa kwa aliyelitoa. Wameru wa Mbwaa hawakuwa na nafasi hiyo. Abunuwasi ni kipenzi cha baraza, anaweza kumkera mfalme leo na kesho akaalikwa chakula. Wao walikuwa watumwa.

Jirani zao Waembu walichagua mwanzo wa namna nyingine. H. S. Kabeca Mwaniki, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya Embu na Mbeere na kuyachapisha mwaka 1973 na 1974, anaonyesha jinsi Waembu wengi wanavyoanzia kwa Mwenendega, ambaye kichaka chake kitakatifu kiko karibu na Runyenjes. Mwenendega hakukimbia bahari wala bwana. Alikuwa pale pale. Hivyo katika mlima mmoja kuna watu wanaojitambulisha kwa mahali walipochipuka na watu wanaojitambulisha kwa hila zilizowatoa mahali pabaya.

Sasa tazama tarehe ile ya Fadiman, karibu na 1700, kisha geuza macho kuelekea London. Mwaka 1722 Daniel Defoe alichapisha *Moll Flanders*, habari ya mwanamke aliyezaliwa gerezani Newgate akaishi kwa ndoa za hila na wizi, na mwaka huohuo akatoa *Colonel Jack*, habari ya mtoto yatima aliyekulia katika uchomozi wa mifuko. Defoe alijua anachoandika: mwaka 1703 alikuwa amefungwa kwenye mkatale hadharani kwa sababu ya maandishi yake. Aina hiyo ya riwaya, inayoitwa ya kipikareski, ilitoka Hispania. Mwaka 1554 kilitokea huko kitabu kisicho na jina la mwandishi, *Lazarillo de Tormes*, cha kijana anayetoka kwa bwana mmoja hadi mwingine akitafuta mkate. Waingereza walikisoma kwa lugha yao kabla karne hiyo haijaisha. Thomas Nashe akaandika habari za Jack Wilton mwaka 1594. Richard Head akaleta *The English Rogue* mwaka 1665. Tobias Smollett akamtembeza Roderick Random baharini na nchi kavu mwaka 1748.

Vitabu hivyo vilizaliwa na njaa na sheria. Uingereza ya wakati ule ilikuwa imewaondoa wakulima wengi kwenye ardhi yao, kisha ikatunga sheria za kuwachapa viboko wazururaji kwa kosa la kukosa kwao. Mtu aliamriwa akae mahali ambapo hapakuwa na chakula, na akiondoka ni mhalifu. Huo nao ni mkuki unaofika mbinguni. Mjanja wa riwaya anajibu kama walivyojibu watu wa Mbwaa: anatimiza neno la amri, anakwepa kusudi lake, na anapobanwa kabisa anahama.

Tofauti kubwa iko katika nafsi inayosema. Lazarillo na Moll husema mimi. Wanadanganya kwa ajili ya tumbo lao, na msomaji anakaa nao akiwa na mashaka kama anadanganywa na yeye. Mbwaa inasimuliwa kwa sisi. Hakuna anayejua nani aliyewaza habari ya ulimbo. Ni wazee, ni watu, ni jamii iliyokaa usiku kucha kwenye shauri. Hata Koomenjwe hana tabia za pekee, hana utoto, hana mapenzi. Wahakiki waliozoea riwaya wanaweza kuuona huo kuwa upungufu. Si upungufu. Ni fasihi iliyokataa kumtukuza mjanja mmoja, kwa sababu mjanja aliye peke yake hawezi kuvusha wazee na watoto.

Karne mbili hivi baada ya Mbwaa, wajanja wa nafsi ya kwanza walifika mlimani kwa miguu yao, na kalamu mfukoni. Mmarekani tajiri William Astor Chanler na mwanamaji wa Austria-Hungaria, Ludwig von Höhnel, walipanda kutoka pwani mwaka 1892 na kuweka kambi Daicho, chini ya vilima vya Nyambene. Walipigana na watu wa Igembe na Muthara. Von Höhnel akajeruhiwa vibaya na kifaru mwaka 1893. Wapagazi wao, wengi wao kutoka Zanzibar, wakawakimbia kwa wingi mwaka huohuo. Chanler akatoa kitabu mwaka 1896. Mfanyabiashara wa pembe za ndovu A. Arkell-Hardwick alipita njia hizohizo mwanzoni mwa karne, naye akatoa chake mwaka 1903.

Aliyewapita wote kwa upikareski ni John Boyes. Alizaliwa Hull, Yorkshire, akatorokea baharini akiwa kijana, akatua Mombasa mwaka 1898. Reli ya Uganda ilihitaji chakula cha vibarua. Boyes akajipenyeza nchi ya Wagikuyu, upande wa Murang'a, akajenga urafiki na Karuri, kiongozi mwenyeji, akakusanya watu wenye silaha, akapeperusha bendera ya Uingereza ambayo hakuna aliyempa. Serikali ikamkamata mwaka 1900. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipopelekwa kushtakiwa alikabidhiwa mfuko wenye karatasi za mashtaka yake auchukue yeye. Mahakama ikamwachilia. Mwaka 1911 kitabu chake kikatoka London, na katika jina la kitabu alijiita mfalme wa Wagikuyu.

Kitabu hicho kinasomeka kama Smollett: bahari, njaa, mapigano, bahati, jela, kicheko. Kinachokosekana ni sauti ya wale waliomuuzia unga. Katika hadithi za wasafiri hawa, wao ndio wenye akili na wenyeji ni mandhari. Ukizisoma kwa makini, mambo yanageuka. Msafara wa Chanler uliokwama Daicho kwa miezi ulikuwa unakula kwa hiari ya wenyeji, waliojua bei ya kila kibuyu cha nafaka na waliojua ni lini wageni hawana pa kwenda. Wapagazi walioondoka nao walikuwa wametambua kwamba waliagizwa lisilowezekana. Kila mmoja wao angeweza kuandika *Lazarillo* yake, na bwana angekuwa Chanler.

Wenyeji hawakuandika, ila walitoa majina. Baada ya majeshi ya Uingereza kuipiga Embu katikati ya mwaka 1906, serikali ilielekea Meru, na mwaka 1908 E. B. Horne alikuwa amekwisha kufungua kituo huko. Wameru walimwita Kangangi, mtu mdogo anayezurura. Mkuu wa wilaya mwenye bunduki na bendera alibaki na jina ambalo sheria za nchi yake zilikuwa zikiwapa wachapwa viboko.

Kisha sheria hizo zikahamia Kenya. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kutembea na karatasi zake ndani ya kikopo cha bati shingoni. Kijana wa Chuka au Runyenjes aliyeacha kazi kwenye shamba la mzungu bila kipande chake kutiwa sahihi alikuwa mhalifu popote alipokanyaga. Mwezi wa Aprili 1954, katika Operesheni Anvil dhidi ya Mau Mau, Nairobi ilizingirwa na Wagikuyu, Waembu na Wameru wakasombwa kwa maelfu. Kabila lililoandikwa kwenye cheti lilitosha kumpeleka mtu kizuizini.

Meja Mwangi, mtoto wa Nanyuki, mji ambako njia ya Meru inaanza kupanda kuelekea Timau, alikulia katika miaka hiyo. Mwaka 1973 alitoa *Kill Me Quick*. Vijana wawili, Meja na Maina, wamemaliza shule, wamefika Nairobi, hawana kazi, wanalala vichochoroni na kula yaliyotupwa kwenye mapipa. Wanakwenda kufanya kazi shambani, wanafukuzwa, wanaingia kwenye wizi, wanaishia jela. Ni mabwana wa Lazarillo, mmoja baada ya mwingine, na njaa ileile. Miaka 11 baadaye John Kiriamiti wa Murang'a akatoa *My Life in Crime*, safari hii mwizi wa benki akisema mimi bila kujificha, na kitabu kikapita mkono kwa mkono nchi nzima.

Mwangi hakukubali nafsi ya kwanza ibaki peke yake, na hapo ndipo anapokaribiana na wazee wa Mbwaa kuliko na Defoe. Gerezani, wafungwa wa seli moja wanapeana zamu ya kusimulia jinsi kila mmoja alivyofika pale, na kijana mwenye cheti cha shule ambacho hakuna aliyekitaka anakaa sakafuni kuwasikiliza.