Chanjo ya Ukimwi na Njia Iliyosahaulika

Mwaka 1985, watafiti wa kituo cha nyani cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliripoti kirusi kilichodhoofisha kinga ya kima wa Asia aina ya rhesus. Kilifanana na kirusi cha Ukimwi, kikaitwa SIV. Kima wa Afrika Magharibi, ambao ndio asili yake, huishi nacho kwa kawaida bila kuugua. Sayansi ikapata mnyama wa kujaribia chanjo.

Mwaka 1989 zikaja habari njema: kima waliodungwa SIV iliyouawa walikingika. Furaha haikudumu. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba baadhi ya kima waliodungwa seli za binadamu tu, zisizo na kirusi chochote, nao walikingika. Kumbe miili yao ilikuwa ikipigana na seli ambamo kirusi kilikuzwa.

Njia nayo ilikuwa na kasoro. Majaribio mengi ya mwanzo yaliingiza kirusi moja kwa moja mshipani, ilhali watu wengi huambukizwa kupitia utando laini wa uke, uume au njia ya haja kubwa. Mwaka 1993 Preston Marx na wenzake walidunga chanjo msulini, kisha wakaiongezea nguvu kwa kuitoa mdomoni au kwenye koo la hewa. Kinga dhidi ya maambukizi ya ukeni ikaonekana.

Ugunduzi mzito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa 1998. Ronald Veazey na wenzake walichunguza matumbo ya kima walioambukizwa wakakuta kwamba ndani ya siku chache tu seli za kinga za CD4 zimeangamia huko, wakati damu bado haijaonyesha hasara kubwa namna hiyo. Aliyepima damu peke yake alichelewa kuiona vita.

Mwaka 2011, huko Oregon, timu ya Louis Picker ilitumia kirusi kingine, CMV, kubeba chanjo na kuweka askari wa kinga tayari kwenye tishu. Kima 13 kati ya 24 waliidhibiti SIV.

Mwishoni mwa 2023, utoaji wa chanjo katika jaribio la PrEPVacc, lililowashirikisha watu wa Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, ulisitishwa kwa kuwa hapakuwa na dalili ya kufaulu. Chanjo zile zilidungwa msulini. Watakaopanga jaribio lijalo wawape watu wetu waliojitolea chanjo iliyopimwa pia pale kirusi kinapoingilia.