Runinga erevu: Kioo hudumu, mfumo huchakaa

ZAMANI mtu alipokwenda dukani kununua runinga, aliuliza mambo mawili tu: ukubwa wa kioo na bei. Baada ya hapo chombo hicho kingeweza kukaa sebuleni miaka mingi, na kikiharibika fundi wa mtaani alikitengeneza kikarejea kazini.

Siku hizi mambo yamebadilika. Runinga erevu, ambazo wauzaji huziita "smati", kwa hakika ni tarakilishi zenye kioo kikubwa. Ndani yake mna prosesa, kumbukumbu na mfumo wa uendeshaji. Mfumo huo ndio programu mama: huiunganisha runinga na intaneti, hupokea amri za rimoti na kuziwezesha programu kama vile YouTube na Netflix kufanya kazi.

Mifumo inayotamba si mingi. Samsung hutumia Tizen, iliyoanza kuingia katika runinga zake mwaka wa 2015. Google ilizindua Android TV mwaka wa 2014, na tangu 2020 imeivika sura mpya ya Google TV, inayopatikana katika runinga za Sony, TCL na kampuni nyinginezo. Hisense ina VIDAA, ilhali Roku na Fire TV ya Amazon zinavuma zaidi Marekani.

LG nayo hutumia webOS, mfumo uliopitia mikono mingi. Kampuni ya Palm iliuzindua mwaka wa 2009 kwa ajili ya simu. Mwaka uliofuata HP iliinunua Palm, lakini simu hizo zikakosa soko. Mnamo 2013 LG ilinunua mfumo huo na kuuhamishia katika runinga, na tangu 2021 huwauzia watengenezaji wengine leseni ya kuutumia.

Hata hivyo, jambo linalopasa kumshughulisha mnunuzi si jina la mfumo, bali ni muda ambao mwenye mfumo huo ataendelea kuuhudumia.

Mnamo Desemba 1, 2019, Netflix iliacha kufanya kazi katika baadhi ya runinga za Samsung zilizotengenezwa miaka ya 2010 na 2011, pamoja na vifaa vya zamani vya Roku na Vizio. Runinga hizo hazikuwa zimeharibika. Kioo kiling'aa na sauti ilisikika, lakini programu haikufunguka tena. Kwa ugonjwa wa aina hiyo, fundi hana dawa.

Mbona basi kampuni zinang'ang'ania kumiliki mifumo? Jibu ni pesa. Runinga huuzwa mara moja, lakini mwenye mfumo huendelea kuvuna kutokana na matangazo ya biashara na habari kuhusu mtazamaji. Katika robo ya tatu ya mwaka wa 2021, faida ghafi ya Vizio kutokana na shughuli hizo iliipita ile ya kuuza runinga zenyewe. Mnamo Desemba 2024, Walmart ilikamilisha ununuzi wa kampuni hiyo kwa dola bilioni 2.3.

Vizio hiyo hiyo ilikubali mwaka wa 2017 kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi nchini Marekani. Ilidaiwa kuwa runinga zake milioni 11 zilinasa, sekunde baada ya sekunde, vipande vya picha vilivyokuwa kiooni ili kutambua kilichotazamwa, bila idhini ya wenye nyumba.

Je, siku zijazo zitakuwaje? Kuna dalili njema. Mwaka wa 2024 Samsung iliahidi kusasisha Tizen kwa miaka saba katika runinga zake za mwaka huo na baadhi ya zile za 2023. LG nayo imeahidi matoleo mapya ya webOS kwa kipindi cha miaka mitano. Aidha, akili mnemba imebisha hodi: mwaka wa 2025 Google ilianza kuingiza Gemini katika runinga, nayo Samsung ikaingiza Copilot ya Microsoft.

Lakini kila huduma mpya huhitaji prosesa na kumbukumbu kubwa zaidi. Runinga ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo ndiyo itakayotangulia kulemewa.

Wakenya wamewahi kupita njia inayofanana na hii. Mitangazo ya analogi ilipozimwa mwaka wa 2015, runinga nyingi za zamani, hata zile zenye kisogo kikubwa, hazikutupwa. Zilichomekwa ving'amuzi zikaendelea kuonyesha. Runinga erevu iliyozeeka nayo yaweza kuokolewa vivyo hivyo: mradi kioo ni kizima na tundu la HDMI lipo, kijisanduku au kijiti cha nje chaweza kuipa akili mpya kwa gharama ndogo kuliko ya kununua runinga nyingine.

Tahadhari ni muhimu hapo. Mnamo Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kuwa baadhi ya vijisanduku vya bei ya chini vya Android hufika kwa mnunuzi vikiwa na programu hasidi ndani yake. Inafaa kuchagua kifaa kilichoidhinishwa na Google.

Anayenunua runinga leo aulize mambo manne: ilitengenezwa mwaka gani, inatumia mfumo upi, itasasishwa hadi lini, na ufuatiliaji wa watazamaji huzimwa vipi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa Mkenya haki ya kuelezwa jinsi habari zake zitakavyotumiwa na haki ya kupinga. Muuzaji akishindwa kujibu, mnunuzi asione haya kwenda duka la pili. Tahadhari kabla ya hatari.