Msimulizi kama Fanani: Matini ya Who Killed Captain Alex?
Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, msimulizi hufasiri filamu za kigeni papo hapo. Makala haya yanadai kuwa yeye ni fanani, si mkalimani tu. Ushahidi unatoka Uganda, ng'ambo ya Mlima Elgon kutoka Kapsokwony. Mwaka 2010, huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Nakala isiyo na usimulizi haikusalia. Iliyotufikia ina sauti ya VJ Emmie, anayewatania wahusika na kugeuza mauaji kuwa kichekesho. Mhakiki atakayemwondoa Emmie ili aipate filamu "halisi" hatakuwa na matini ya kuhakiki.