Uwanja wa Uhuru: Shamba la Bibi Lililobeba Furaha na Misiba ya Taifa

Uwanja wa Uhuru uliopo Wilaya ya Temeke, jijini Dar es Salaam, ndipo mahali ambapo bendera ya Tanganyika ilipandishwa kwa mara ya kwanza mbele ya umma. Kwa miongo kadhaa ulijulikana kama Uwanja wa Taifa. Mashabiki wa soka wanauita Shamba la Bibi, jina la mtaani ambalo limedumu kuliko lile la kwanza na linatumika hadi leo hata katika vyombo vya habari.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, taa za uwanja huo zilizimwa, bendera ya Uingereza ikateremshwa gizani, na taa zilipowashwa tena bendera ya kijani, nyeusi na dhahabu ilikuwa mlingotini. Mwalimu Julius Nyerere, Waziri Mkuu wa taifa jipya, alikuwapo pamoja na Mwanamfalme Philip aliyemwakilisha Malkia Elizabeth II. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na kuwasha Mwenge katika kilele cha Mlima Kilimanjaro. Kilimanjaro walifika wachache, lakini uwanjani wananchi walifika kwa maelfu, na kumbukumbu ya wakazi wengi wa Dar es Salaam kuhusu Uhuru ni kumbukumbu ya uwanja huo.

Kwa umbo, ni uwanja wa zama zake. Ni wa saruji, una jukwaa kuu lenye paa kwa ajili ya viongozi na wageni, na pande nyingine kuna ngazi za kukalia ambazo wapenzi wa soka huziita mzunguko. Una uwezo wa kuchukua watu takriban 23,000. Idadi hiyo ilitosha kwa mji wa mwaka 1961, lakini jiji limekua mara nyingi zaidi wakati kuta za uwanja zimebaki palepale, na ndiyo sababu historia yake ya karibuni haiwezi kuelezwa bila kutaja msongamano.

Wakazi wa Chang'ombe, Keko na Temeke wameishi na ratiba ya uwanja huo. Siku ya mechi ya Simba na Yanga barabara zilijaa tangu asubuhi. Waliokuwa mikoani waliufahamu kwa masikio, kupitia matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na wapo wengi walioweza kueleza pande zake kabla hawajaiona Dar es Salaam. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Baada ya suluhu mjini Abidjan, ilirudi nyumbani ikihitaji ushindi tu, lakini Stella Abidjan ikashinda 2–0 mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi na umati uliokuja kushangilia. Mashabiki wa umri fulani bado huizungumzia mechi hiyo kwa sauti ya chini.

Uwanja huo umekuwa pia mahali pa gwaride, halaiki za wanafunzi na mizinga 21. Rais Jakaya Kikwete aliapishwa hapo mwaka 2005 na 2010, na Rais John Magufuli mwaka 2015. Kiapo cha mwaka 2020 kilifanyika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, kufuatia Serikali kuhamia makao makuu ya nchi.

Uwanja mpya wa watu 60,000 ulipoanza kutumika jirani mwaka 2007, ulichukua jina la Uwanja wa Taifa, na ule wa zamani ukabaki na jina la Uhuru. Soka kubwa ilihamia ng'ambo, ila shughuli za kitaifa hazikuhama zote. Mwezi Julai 2020, katika shughuli ya kumuaga Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, iliyofanyika Uwanja wa Uhuru, Rais Magufuli alitangaza kuwa uwanja mpya utaitwa kwa jina la marehemu. Hivyo uwanja mkubwa ulipata jina lake ndani ya ule mdogo.

Kuaga viongozi ni desturi iliyojengeka hapo tangu Oktoba 1999, wakati mwili wa Mwalimu Nyerere, aliyefariki dunia London tarehe 14 ya mwezi huo, ulipowekwa uwanjani na wananchi wakapita mbele ya jeneza kabla ya safari ya mwisho kwenda Butiama. Kwa wengi ilikuwa ni mara ya kwanza kumwona kwa karibu. Msingi wa desturi hiyo ni kwamba hakuna kadi ya mwaliko. Anayetaka kuaga anafika na kupanga foleni.

Tarehe 21 Machi, 2021, msingi huo uligharimu maisha. Siku nne baada ya kifo cha Rais Magufuli, umati mkubwa kupita kiasi ulifika kutoa heshima za mwisho, na watu 45 walifariki dunia katika msongamano. Polisi walieleza kuwa baadhi ya watu walikosa subira na kulazimisha kuingia. Maelezo hayo ni sehemu ya ukweli. Sehemu nyingine ni hesabu: milango na kuta za uwanja wa watu 23,000, na jiji la mamilioni. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo mama na watoto wa familia moja waliotoka nyumbani kwenda kuaga.

Miaka mitatu baadaye, Machi 2024, lango lilifunguliwa tena kwa ajili ya Rais wa Awamu ya Pili, Mzee Ali Hassan Mwinyi, yuleyule aliyeketi jukwaa kuu siku Simba ilipopoteza kombe. Wananchi walimuaga hapo, kisha mwili wake ukasafirishwa Zanzibar na kuzikwa Mangapwani.