Kabla ya Nether: Dunia ya Chini Waliyoijua Wanyakyusa

Hebu tuanzie Katumba Songwe, wilayani Kyela. Jua limezama, vyura wa mashamba ya mpunga wameanza kelele zao, simu yako ina chaji ya kutosha, na wewe uko ndani ya Minecraft. Umepanga vitalu vyeusi vya obsidiani katika umbo la mlango, upana vinne, urefu vitano. Umewasha moto katikati. Mlango umejaa ukungu wa zambarau. Unaingia.

Karibu Nether. Huku hakuna mchana wala usiku. Bahari yake ni lava. Ukimwaga ndoo ya maji yanageuka mvuke hapo hapo, ukitandika kitanda ulale kinakulipukia, na dira inazunguka tu kama imelewa. Kama ulikuja bila chakula na bila ngao, basi pole, vitu vyako utaviacha huko.

Dunia hii iliongezwa kwenye mchezo mwishoni mwa Oktoba 2010, takriban mwaka mmoja na nusu baada ya Mswidi Markus Persson kutoa toleo la kwanza kwa umma, Mei 2009. Juni 2020 ikapanuliwa sana: ikapata misitu ya ajabu, mabonde ya mchanga wa roho na nyanda za basalti. Ila kanuni yake haikubadilika. Chini ni kwa moto na maadui. Unashuka, unachukua unachotaka, unakimbia.

Sasa swali la kihistoria: nani alisema chini lazima kuwe hivyo? Maana hapo hapo ulipokaa, watu waliishi vizazi na vizazi wakiwa na dunia ya chini yao wenyewe, na ilikuwa tofauti kabisa.

Chini walikokaa babu

Kati ya 1934 na 1938, wanaanthropolojia wawili, Monica Wilson na mumewe Godfrey, walikaa miongoni mwa Wanyakyusa wakiuliza na kuandika. Godfrey alifariki 1944, na Monica ndiye aliyetoa vitabu vilivyotokana na kazi ile, vikiwemo viwili vikubwa vya matambiko, 1957 na 1959.

Wazee aliowasikiliza walieleza hivi: wafu, yaani *abasyuka*, wako chini, *pasi*. Hawakufungiwa huko kama wafungwa. Ni babu na bibi walewale, wanaojua shamba lako limezaa nini na umegombana na nani. Ukiwasahau, wanaweza kukukumbusha kwa ugonjwa. Ukiwakumbuka, mvua, watoto na ng'ombe vinakuja. Hatari ipo, usidhani ni hadithi ya kubembeleza mtoto alale. Lakini ni hatari ya ndugu aliyekasirika. Adui usiyemjua hayumo.

Tazama pia jinsi mlango wao ulivyofanya kazi. Wilson anaonyesha kwamba matambiko ya msiba yalikuwa na hatua mbili. Kwanza marehemu alisukumwa aende, asiendelee kumkalia mfiwa akilini na ndotoni. Kisha, akishakwenda, alikaribishwa tena nyumbani, aote moto na wenzake. Kwenye mchezo, wewe ndiye unayevuka kwenda na kurudi. Kwa Wanyakyusa, waliovuka ni wao, na kazi ya walio hai ilikuwa kuhakikisha wanavuka kwa utaratibu.

Mungu aliyehamishwa

Hapa ndipo historia inapokuwa nzito.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani walifika eneo hili, Wamoraviani na watu wa Misheni ya Berlin. Walihitaji jina la Mungu katika Kinyakyusa. Wakachagua *Kyala*. Ndilo jina linalotumika kanisani hadi leo.

Lakini Kyala wa zamani alikuwa shujaa wa kale, mwenye mahali pake pa matambiko kando ya Ziwa Nyasa, na katika maelezo aliyoyakusanya Wilson alikuwa *chini*, pamoja na abasyuka. Kufikia miaka ya 1930, watu wengi, hata wasiobatizwa, walikuwa wameanza kusema Kyala yuko juu.

Fikiria hilo polepole. Ndani ya miaka isiyozidi 50, bila vita juu ya jambo hilo, ramani nzima ya ulimwengu iligeuzwa. Mungu akapanda mbinguni, na kule chini kukabaki wazi kwa mgeni mwingine, yaani jehanamu ya moto. Ndiyo maana leo kijana wa Kyela akifungua Nether haoni kitu kigeni. Picha ile ya chini aliipata mapema, kanisani na shuleni, kabla hajashika simu. Sisemi mafundisho yale ni mabaya. Ukoo wangu mimi umejaa wazee wa kanisa. Nasema tu kwamba picha hiyo ina tarehe, na kabla yake kulikuwa na nyingine.

Lakini moto upo kweli

Kinachonifurahisha ni kwamba waliotunga Nether, bila kujua, wameichora Rungwe.

Ukiwa Kyela uko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Ziwa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Ukiangalia kaskazini, Mlima Rungwe unafika karibu mita 2,960. Huo ni volkano. Ngozi, wenye ziwa kileleni, ni volkano. Kyejo nao ni volkano, na ndio wa mwisho kutoa lava, takriban miaka 200 iliyopita. Basalti unayoichimba kwenye mchezo ni jiwe la kawaida kabisa kwa watu wa Tukuyu. (Obsidiani ya mchezo, hata hivyo, ni uongo kidogo: kumwagia lava yoyote maji hakutoshi. Obsidiani halisi hutokana na lava yenye silika nyingi iliyopoa haraka.)

Na kuna hatari ambayo mchezo haukuiweka. Nether ina kelele: mazimwi yake hulia, unasikia, unakimbia. Maeneo ya kuzunguka Kyejo yana matundu yanayotoa kaboni dioksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu na nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu. Hutuama mabondeni na kuua wadudu na wanyama wadogo wanaoingia humo. Kule Goma, penye volkano kama hizi, watu huita mahali pa namna hiyo *mazuku*. Mwaka 1986 gesi hiyo hiyo ilitoka kwa ghafla katika Ziwa Nyos, Kamerun, ikaua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Ya Rungwe inavunwa na kiwanda, na hutumika kutia mapovu kwenye soda. Yaani huenda umeshainywa pumzi ya dunia ya chini, ikiwa baridi.

Deni letu

Sasa rudi kwenye ile lava ya Kyejo. Tunajuaje kwamba ni miaka 200? Hapakuwa na mwandishi pale. Wanajiolojia wa karne ya 20 waliegemea simulizi za wenyeji, watu waliokuwa wamesikia kwa babu zao kwamba mlima uliwahi kutapika moto. Kumbukumbu ya mdomo imeingia kwenye orodha za kisayansi za volkano hai duniani, na inasaidia kuamua kama mlima uhesabiwe kuwa umelala au umekufa. Tofauti hiyo si ndogo kwa anayejenga nyumba chini yake.

Kwa hiyo simulizi ile iliyosema chini kuna watu ilikuja mkono mmoja na ile iliyosema mlima uliwaka. Waliozibeba ni wazee walewale. Tukiitupa moja kwa sababu tumeambiwa ni ushirikina, nyingine nayo inaondoka na wazee wenyewe.

Kwenye mchezo ukifa Nether bila kuweka vitu vyako sandukuni, una dakika tano tu tangu urudi karibu navyo kuviokota, kisha vinatoweka. Likizo ijayo ukifika nyumbani, zima simu kidogo. Muulize bibi: *pasi* kuna nini? Na alisikia nini kuhusu Kyejo? Andika majibu yake, tarehe na jina la kijiji. Halafu rudi kwenye mchezo wako, ghasti wanakusubiri.